Kaboni ya chembe, ya unga, mkaa wa vifuu au mkaa wa gunia: ipi inanasa sumu za zamani kwenye maji ya kisima?

Mjomba wangu alinunua heka mbili mkoa wa Pwani, eneo zuri, kisima kipo tayari, bei ya kutupa. Kumbe ile bei ilikuwa na sababu yake. Kiwanja cha pili tu kulikuwa na ghala la zamani la pembejeo, lilishabomolewa siku nyingi, umebaki msingi na vipande vya bati, na wazee wa pale wanakwambia bila kuficha kwamba enzi hizo dawa za mchwa na za pamba zilikuwa zinamwagika hapo mpaka mvua ikinyesha udongo unanuka. Tukapeleka maji maabara, majibu yakarudi dieldrini, dawa ya zamani ya kuua wadudu, iko juu ya kiwango. Mjomba akanipigia: "Anko, si wewe ndo unafunga mafilta mjini huko, haya niambie ninunue mkaa gani."

Nikajua ni swali la dakika tano. Limenichukua miezi. Kwahiyo naandika hapa nilichokipata, maana najua wapo wengi wenye visima karibu na maghala ya zamani, mashamba ya kahawa, pamba au mkonge, na wanauziwa kila kitu cheusi kwa jina la "kaboni".

Kwanza tuelewane tunapambana na nini. DDT, dieldrini, aldrini, klordeni, lindeni, PCB za kwenye mafuta ya transfoma za zamani, hizi ndo wataalamu wanaziita POPs, sumu ambazo haziozi, zinakaa ardhini miaka na miaka, zinapenda mafuta kuliko maji ndo maana zinaishia kwenye samaki, maziwa na miili yetu. Dunia ilikaa Stockholm mwaka 2001 wakaandika mkataba wa kuzipiga marufuku, wakaanza na 12, baadae orodha ikawa inaongezeka. Sisi Pwani tuna mfano wetu unaojulikana mpaka nje, Vikuge kule Kibaha, mwaka 1986 zilishushwa kama tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, msaada eti, na nyingine zilikuwa zimeshapitwa na muda. Watafiti walipokwenda kupima udongo baada ya shehena kuondolewa wakakuta DDT na wenzake bado wamejaa tele. Kuondoa magunia sio kuondoa sumu.

Na viwango vyake ni vidogo sana. WHO wanasema dieldrini na aldrini kwa pamoja zisizidi mikrogramu 0.03 kwenye lita ya maji, DDT isizidi mikrogramu 1, lindeni 2. Kwa macho huoni kitu, kwa ulimi huonji kitu, maji yanang'aa kama ya chupa. Na tafadhali usiniambie utachemsha, kuchemsha kunaua wadudu, sumu za aina hii usitegemee zitakufa kwenye sufuria.

Kaboni inafanyaje kazi? Sio chujio la kuzuia takataka. Ni sponji lenye vinyweleo vidogo mno, na kuta za ndani ya hivyo vinyweleo ndo zinanasa molekuli ya sumu inayopita, inaganda pale. Gramu moja ya kaboni nzuri iliyoamilishwa, yaani iliyofunguliwa vinyweleo kiwandani, ina eneo la ndani la mita za mraba kama 500 mpaka zaidi ya 1,000, yaani kijiko kikubwa kimoja kinaweza kukaribia kiwanja kizima cha mpira. Sumu za mafuta-mafuta kama DDT na dieldrini zinachukia maji, kwahiyo zikikutana na kuta za kaboni zinahamia zenyewe. Hiyo ndo bahati yetu. Tatizo sio kama kaboni inanasa, inanasa, tatizo ni kaboni gani, na maji yanakaa nayo muda gani.

Sasa tuanze na ya bei rahisi maana najua ndo wengi mnaisubiri.

Mkaa wa gunia, huu wa jikoni. Unanasa? Ndio, kidogo. Lakini tanuru letu la udongo linachoma kwenye nyuzi kama 400 au 500 hivi, moto mdogo, na vinyweleo vingi vinabaki vimezibwa na lami ya kuni. Halafu gunia la mkaa limepita wapi hujui, limelala kwenye lori lenye dizeli, limewekwa chini sokoni. Mjomba alijaribu huu kabla hajaniambia, akatwanga kwenye kinu, akajaza ndoo, maji yalitoka meusi siku tatu. Kwa harufu na rangi utaona mabadiliko, na hapo ndo hatari ilipo, mtu anaona maji yamependeza anadhani na sumu imekwisha.

Mkaa uliochomwa vizuri kwa ajili ya kusafishia maji, yaani bayocha, ni hadithi tofauti kidogo. Ukitumia pipa la kuchomea linaloingiza hewa kwa mpangilio, moto ukafika nyuzi 600 mpaka 900, ukatumia vifuu vya nazi (vifuu jamani, sio makumbi, makumbi yanageuka majivu tu) au magunzi au mbao ngumu, unapata mkaa mgumu, mweusi wa kung'aa, ukiugonga unalia kama kigae, na ukiushika hauachi mafuta kidoleni. Huo unanasa viuatilifu kwa kiasi cha kueleweka. Ila bado hujafika kwenye kaboni ya kiwandani, kwahiyo unahitaji mwingi zaidi, pipa zima badala ya ndoo, na kila choma inatoka tofauti na ya jana. Kwa kijiji ambacho hakina hela na kina fundi mvumilivu, mimi nasema sawa, ni bora mara nyingi kuliko kunywa hivyo hivyo. Kwa mtu mmoja mwenye kisima chenye sumu iliyopimwa, hapana, ni kamari.

Kaboni ya chembe iliyoamilishwa, hapa ndo penyewe. Wanachukua mkaa wa vifuu au makaa ya mawe, wanaupiga mvuke kwenye nyuzi 800 mpaka 1,000 au wanautibu kwa kemikali, vinyweleo vinafunguka. Ya vifuu ina vinyweleo vidogo sana, ni ngumu, haivunjiki kuwa vumbi, majivu machache. Ya makaa ya mawe ina mchanganyiko, vidogo na vya kati. Kwa kisima safi chenye dieldrini au lindeni ya vifuu inafanya kazi vizuri tu. Kwa maji ya bwawa au mto yenye rangi ya chai, mimi ningeenda na ya makaa ya mawe, kwasababu ile rangi ya chai ni mabaki ya majani yaliyooza, ni molekuli kubwa kubwa, zinakuja kuziba milango ya vinyweleo vidogo na sumu inakosa pa kuingia. Watu wengi hawajui hili, wanashangaa kaboni iliyodumu mwaka kwa jirani mwenye kisima kwake imekufa ndani ya wiki chache.

Hapa kuna jambo la watu wa kanda ya ziwa. Geita, Kahama, na hata Chunya kule Mbeya, kaboni wanaijua vizuri kuliko sisi wa Dar, wachenjuaji wanaitumia kunasa dhahabu kwenye maji ya sayanaidi, na nyingi ni ya vifuu hiyo hiyo. Kwahiyo mtu anasema si nikachukue kule kwa jamaa yangu. Mpya? Inawezekana, ila ile ya dhahabu kawaida ni meshi 6x12, chembe nene za milimita 1.7 mpaka 3 na kitu, sumu inachukua muda mrefu kuingia ndani ya punje. Ya maji tafuta 12x40, kati ya milimita 0.4 na 1.7, kama chenga za mchele hivi. Iliyotumika? Usithubutu, hata kama ameiosha, hata kama ni ndugu yako. Imelala na sayanaidi na pengine zebaki. Nilishatajiwa bei ya kiroba cha namna hiyo "imeoshwa safi bosi", nikaondoka.

Na wale wa Arusha na Moshi, mkaa wa mifupa mnaoutumia kwa floraidi sio hii. Ule sehemu kubwa ni madini ya mfupa, kaboni yenyewe ni kama asilimia 10 tu, kazi yake ni kuondoa floraidi na inaifanya vizuri. Kinyume chake pia ni kweli, kaboni ya vifuu haiondoi floraidi, haiondoi chumvi, haiondoi naitreti. Ukiwa na matatizo mawili unahitaji mitambo miwili, hakuna ujanja.

Kaboni ya unga ni kaboni ile ile iliyosagwa kama poda. Inanasa haraka kuliko zote kwasababu punje ni ndogo. Mitambo mikubwa ya maji inaimwaga kwa dozi ya kama miligramu 5 mpaka 50 kwa lita, yaani simtanki la lita 1,000 ukienda na dozi ya juu ni gramu 50 tu, nusu kikombe. Unakoroga nusu saa au zaidi, unatia shabu, unaacha itulie, unachuja. Rahisi kwenye karatasi. Kwa vitendo, ile poda ikishika sumu inabaki inaelea kwenye maji yako, ikipita kwenye chujio umeinywa kaboni na sumu yake, na kila siku una tope jeusi lenye sumu la kuhifadhi. Mimi naiona ni ya dharura, mafuriko yamepita kwenye ghala, lori la dawa limepinduka mtoni, unahitaji kitu leo. Sio ya kila siku nyumbani. Na vaa barakoa, ukifungua mfuko bila kujipanga unatoka kama fundi makanika.

Kaboni ya kubana, ile katriji ngumu ya chini ya sinki, ni unga uliogandishwa. Hii ni nzuri kweli kwa maji ya kunywa ya familia ndogo, maji hayapati njia ya mkato ndani yake kama kwenye chembe. Ukiinunua geuza boksi usome namba ya kiwango cha ubora cha Marekani: NSF/ANSI 42 maana yake imepimwa kwa ladha na klorini, basi. Unayoitaka imeandikwa 53, hiyo ndo ya mambo ya afya, na hata hapo soma imepimwa kwa sumu ipi, kuna ambayo ina 53 kwa madini ya risasi tu na haijaguswa na kiuatilifu. Maduka mengi mjini yanauza isiyo na namba yoyote, kasha jeupe na picha ya mtoto anacheka.

Halafu kuna ndugu zetu wa nanotyubu na grafini, yaani vijirija na karatasi za kaboni nyembamba mno zisizoonekana kwa macho. Nanotyubu zilijulikana sana baada ya mtafiti wa Kijapani Iijima kuziandika 1991, grafini iliwapa wanafizikia Geim na Novoselov Nobeli 2010, na kwa hesabu gramu moja ya grafini ina mita za mraba 2,630, kwahiyo kila mtafiti anaandika kwamba imenasa hiki na kile. Sikatai, maabarani inafanya maajabu. Ila bei yake, na swali la nani atahakikisha vile vipande havitoki na maji kuingia tumboni, kwa mtu wa kisima nasema apite tu. Ukiona mtu anakuuzia "filta ya grafini" kwa bei ya katriji ya kawaida, jiulize mwenyewe.

Sasa kosa langu. Nilimfungia mjomba katriji ya inchi 10 yenye chembe, nikafungua koki, maji mazuri, nikajisifu. Tukapima tena, dieldrini imepungua lakini bado ipo juu. Nikamlaumu muuzaji wiki nzima kumbe mwenye makosa ni mimi. Piga hesabu: ile katriji ina chembe kama lita 0.8, koki inatoa lita 4 kwa dakika, maji yamekaa na kaboni sekunde 12. Kumi na mbili! Wanaofanya kazi hii kwa uhakika wanataka dakika 10 mpaka 20. Hapo ndo nikaelewa kwamba nilikuwa nalinganisha majina ya kaboni wakati nilitakiwa nilinganishe muda.

Basi tukatengeneza ya kwetu. Bomba la PVC la inchi 4, urefu wa kaboni mita 1, ndani linabeba karibu lita 8, kama kilo 4 za chembe. Ukitaka dakika 10 unaruhusu mililita 800 kwa dakika, tunaita mkojo wa mbuzi, lakini kwa saa ni lita 48, ukiliacha usiku kwa muda wa saa kumi unaamka una lita 480, kunywa na kupikia nyumba tatu. Maji yanatoka simtanki la juu, yanapita kwanza kwenye mchanga (muhimu, DDT nyingi inasafiri imepanda kwenye chembe za tope, mchanga unakupunguzia kazi), yanapita kwenye kaboni kutoka juu kwenda chini, yanaingia pipa safi lenye boya la kufunga likijaa.

Kabla hujaiwasha, loweka kaboni mpya siku nzima. Ukimwaga maji ya kwanza utaisikia, inachemka chiii kama soda, ni hewa inatoka kwenye vinyweleo, na isipotoka maji hayaingii humo. Halafu osha mpaka maji meusi yaishe. Dawa ya klorini weka mwisho, kwenye pipa la maji yaliyokwisha kupita, ukiweka kabla kaboni inaila yote, na kumbuka kaboni yenyewe bakteria wanaipenda kama nyumba ya kupanga, kwahiyo kuweka klorini au kuchemsha baada ya kaboni sio hiari.

Unajuaje kaboni uliyouziwa ni yenyewe? Ulizia namba ya aidini, kipimo cha jinsi kaboni inavyonasa, iwe 900 au zaidi. Kama muuzaji anakukodolea macho, fanya hivi: chukua glasi mbili za maji, kila moja tia matone kadhaa ya aidini ya dukani ya kupaka kidonda mpaka yawe rangi ya chai ya rangi. Moja tia kijiko cha kaboni uliyonunua iliyosagwa, nyingine kijiko cha mkaa wa jikoni uliosagwa vile vile. Koroga, subiri, chuja kwa kitambaa. Yenyewe inayaacha maji meupe haraka, mkaa wa jikoni unasuasua. Nilifanya hivi mbele ya muuzaji mmoja, mfuko wake na mkaa wa mama ntilie wa jirani vikatoka sare. Hakurudisha hela lakini alicheka. Maji hayo mwaga, usinywe, na usidhani umepima dieldrini, umepima kaboni tu.

Kuna kundi moja ambalo haya yote yanabadilika, PFAS, zile za povu la zimamoto la viwanja vya ndege na za sufuria zisizoshika. Mbili zinazojulikana zaidi, PFOS iliingia kwenye ule mkataba wa Stockholm 2009, PFOA 2019. Marekani mwaka 2024 waliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa kila moja ya hizo mbili, yaani kidogo mara nyingi kuliko ya dieldrini. Hapa kaboni ya chembe ya makaa ya mawe mara nyingi inaipiku ya vifuu, lakini zile zenye mnyororo mfupi zinapita mapema sana, kaboni bado inaonekana nzima na zenyewe zimeshatoka upande wa pili. Kwa hizo watu wanaongeza rezini ya kubadilisha ayoni (punje za plastiki zinazonasa chembe zenye chaji) au wanaenda RO, ule mtambo wa kusukuma maji kwenye utando mwembamba, moja kwa moja. Na ukizichemsha ndo unazikoleza maana maji yanapungua zenyewe zinabaki. Kama kisima chako kipo karibu na uwanja wa mazoezi ya zimamoto, usifuate ushauri wangu wa bomba la inchi 4 peke yake.

Kwahiyo kama ni kisima safi na sumu za mashamba, nunua chembe za vifuu 12x40 na uwe mpole na koki. Maji ya mto au bwawa, makaa ya mawe na mchanga mwingi mbele. Nyumba ya kupanga, watu watatu, katriji ya kubana yenye 53. Hela hakuna kabisa na kijiji kizima kinategemea, bayocha ya vifuu kwenye pipa kubwa, lakini angalau mara moja mpime maji yanayotoka. Ajali ya leo leo, unga.

Swali linalonisumbua kila siku ni lini ubadilishe. Kaboni iliyojaa haibadiliki rangi, hainuki, haikwambii. Tulichofanya kwa mjomba ni kufunga mabomba mawili yanayofuatana, na katikati yao koki ndogo ya kuchukulia sampuli. Tunapima pale katikati. Sumu ikianza kuonekana pale, bomba la kwanza limejaa ila la pili bado linakulinda, unalitoa la kwanza, la pili linahamia mbele, jipya linakuja nyuma. Kupima ni ghali, najua, lakini ni rahisi kuliko kubahatisha miaka mitatu.

Na ile iliyotolewa? Viwandani wanairudisha tanuruni inaamshwa upya, sisi hatuna huo mtambo nyumbani. Shangazi, mke wa mjomba, alishaiona ni mkaa mzuri kabisa na alikuwa na jiko tayari. Tulikimbia kumzuia. Sumu zenye klorini ukizichoma kwenye moto wa jiko unaweza kuzalisha dayoksini, ambayo ni mbaya kuliko uliyoanza nayo, na unaipikia wali. Wala sio ya bustani, ile kaboni imebeba dieldrini yote ya kisima ndani ya kilo nne. Sasa hivi ipo kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, imefungwa kwa gundi ya karatasi, imeandikwa SUMU kwa maka nyekundu, stoo, juu kabisa watoto wasipofika, inasubiri tupate mtu mwenye kibali cha taka hatarishi aje kuichukua.